Kauli ya Wazi ya Msomaji na Nafasi Yake katika Uhakiki wa Riwaya ya Kisasa ya Kiswahili

Ikisiri

Msomaji anapofunga riwaya aliyoimaliza, au aliyoshindwa kuimaliza, huwa tayari ana hukumu moyoni: imemkuna au imemchosha, ameielewa au imempita. Hukumu hiyo ndiyo chimbuko la uhakiki, lakini ndiyo pia ya kwanza kufutwa pindi msomaji anaposhika kalamu kuandika kitaaluma. Makala haya yanajadili nafasi ya kauli ya wazi ya msomaji katika uhakiki wa riwaya ya kisasa ya Kiswahili. Yakiongozwa na nadharia ya upokezi, yanachunguza kauli nne zilizozoeleka: kwamba riwaya haieleweki, kwamba mwandishi anahubiri, kwamba matukio hayasadikiki, na kwamba mhusika mkuu hapendeki. Kila kauli inapimwa kwa riwaya mahususi. Makala yanaonyesha kuwa kauli hizo si uhakiki kamili, lakini kila moja huelekeza kidole mahali halisi, ama katika matini ama katika upeo wa msomaji, na kwamba kuzipuuza ni kupoteza ushahidi usiopatikana kwingine.

1. Utangulizi

Katika simulizi za jadi, fanani hakuhitaji kungoja mhakiki ili ajue kama hadithi yake imekolea. Baada ya “Paukwa!” na “Pakawa!”, hadhira ilikuwa mbele yake. Ilicheka, ilidakiza, iliitikia wimbo, au ilisinzia. Usingizi wa hadhira ulikuwa tathmini kamili, na fanani aliyeuona alibadilisha sauti, alifupisha safari ya mhusika, au aliingiza wimbo mapema. Uandishi ulipoutenganisha utungaji na upokezi, tathmini ya papo kwa papo ilipotea. Mwandishi wa riwaya haoni msomaji akipiga miayo katika ukurasa wa arobaini.

Ingetarajiwa kuwa uhakiki ungeziba pengo hilo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uhakiki wa riwaya ya Kiswahili imejikita katika kubainisha dhamira, mbinu za kisanaa na uwiano wa kazi na nadharia fulani. Maswali hayo ni halali na yameleta maarifa mengi. Ila tasnifu inaweza kuchambua riwaya kwa kurasa mia mbili bila kusema hata mara moja kama riwaya hiyo ni nzuri, na bila kudokeza mahali ambapo msomaji wake alikaribia kuiweka chini. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, kauli ya wazi ya msomaji, ile inayotamkwa nje ya ukumbi wa semina, inaweza kuwa data ya uhakiki? Na ikiwa inaweza, kwa masharti gani?

2. Msomaji katika Nadharia

Shaka juu ya hisia za msomaji ina historia yake. Mwaka 1929, I. A. Richards alichapisha matokeo ya zoezi alilolifanya na wanafunzi wake wa Cambridge. Aliwapa mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike maoni yao bila kificho. Maoni yalitofautiana mno, na mengi yalitokana na kutoyaelewa mashairi yenyewe. Richards alionyesha kuwa wasomaji walijibu kwa mazoea, kwa imani zao, au kwa kumbukumbu za maisha yao zilizoibuliwa na neno moja. Miaka 20 baadaye, mwaka 1949, Wimsatt na Beardsley walikwenda mbali zaidi, wakadai kuwa kuipima kazi kwa athari yake kwa msomaji ni kosa la kimsingi.

Upande wa pili, Louise Rosenblatt alikuwa ameshatetea tangu mwaka 1938 kwamba kazi ya fasihi hukamilika katika tukio la kusomwa. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, alileta dhana ya upeo wa matarajio: msomaji huingia katika matini akiwa na mazoea ya tanzu, lugha na maadili, na thamani ya kazi huhusiana na jinsi inavyoyatimiza au kuyavunja matarajio hayo. Wolfgang Iser naye alieleza kuwa matini ina mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe.

Pande hizi mbili hazipingani kama inavyodhaniwa. Zoezi la Richards halikuthibitisha kuwa maoni ya wasomaji ni takataka. Lilithibitisha kuwa yanaweza kuainishwa na kuelezwa sababu zake. Kilichotakiwa ni maoni hayo yatamkwe kwanza. Kauli iliyofichwa haiwezi kuchunguzwa.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipochapishwa mwaka 1974, wasomaji wengi walitamka waziwazi kuwa yaliyomo si mashairi. Kauli hiyo haikuwa utovu wa ufahamu. Ilitoka katika upeo uliokuwa na historia ndefu, na ambao Kaluta Amri Abedi alikuwa ameuratibu katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954): vina, mizani, vituo. Mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa uliofuata ulizaa mojawapo ya mijadala yenye rutuba kubwa zaidi katika taaluma ya ushairi wa Kiswahili. Mjadala huo ulianza kwa wasomaji waliothubutu kusema kuwa hawakukipenda walichokisoma. Riwaya haijapata mjadala wa kiwango hicho.

3. Sababu za Kusita kwa Msomaji

Kusita kwa msomaji wa riwaya kuna sababu zinazoeleweka. Ya kwanza ni mtihani. Kwa wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania, riwaya ya Kiswahili hukutwa kwanza kama kitabu teule. Swali la mtihani humtaka mwanafunzi ajadili, athibitishe au afafanue. Ni nadra kumtaka aseme kama kazi imefaulu. Hata anapoambiwa atathmini, hujua kuwa jibu salama ni sifa. Miongozo inayouzwa pembeni mwa vitabu teule humpa mwanafunzi dhamira na tamathali zilizokwisha kuorodheshwa, naye hujifunza kuwa na maoni kabla ya kusoma.

Sababu ya pili ni adabu. Jamii ya wanataaluma wa Kiswahili si kubwa, na waandishi wengi wa riwaya za majaribio wamekuwa pia walimu wa vyuo vikuu. Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana, Said Ahmed Mohamed alifundisha Bayreuth, na Kyallo Wadi Wamitila Nairobi. Mhakiki anayeandika juu yao huenda alikuwa mwanafunzi wao, au mwanafunzi wa mwanafunzi wao. Heshima kwa mwalimu ni tunu, lakini heshima isiyoruhusu swali humwacha mwandishi peke yake. Wahenga walilijua hilo waliposema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Sababu ya tatu ni huruma kwa lugha yenyewe. Kwa kuwa riwaya ya Kiswahili hushindania nafasi na vitabu vya Kiingereza, kuikosoa huonekana kama kuisaliti. Tuzo zilizoanzishwa katika miaka ya karibuni, kama ile ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014 na ile ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa mwaka 2023, zimewapa waandishi chachu inayostahili pongezi. Hata hivyo, tuzo humtaja mshindi. Haiwezi kufanya kazi ya kueleza ni wapi kitabu kimelegea. Kazi hiyo bado inamngoja msomaji.

4. Kauli Nne

4.1 “Sikuielewa”

Kauli hii huandama hasa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi. Ili kuipima, sharti ikumbukwe msomaji alitoka wapi. Gamba la Nyoka (1979) ilikuwa imempa mandhari anayoyajua: vijiji, uhamishaji wa watu, viongozi wa ngazi ya chini na siasa ya Ujamaa. Miaka 11 baadaye, mwandishi yuleyule anampa msimulizi wa nafsi ya kwanza anayepita katika mandhari yasiyo na anwani, akikutana na sauti zinazobeba falsafa, dini na simulizi za kale. Msuko wa sababu na matokeo umevunjwa. Upeo wa matarajio uliojengwa na riwaya nne za mwandishi huyohuyo umebomolewa na yeye mwenyewe.

Kauli “sikuielewa” hapa ni maelezo sahihi ya kilichotokea. Tatizo ni kwamba huwa haitofautishwi na kauli kama hiyo juu ya riwaya nyingine. Katika Bina-Adamu! (2002) ya Wamitila, mhusika ajulikanaye kama P.P. hubaki fumbo kwa msomaji asiyemjua Peter Pan, mtoto asiyekua wa J. M. Barrie. Akishamjua, sehemu kubwa ya istiari ya utandawazi hufunguka. Pengo hilo hujazwa na maarifa ya nje ya matini. Pengo la Nagona ni la aina nyingine. Msomaji anaweza kuwatambua wanafalsafa wote wanaodokezwa na bado asishike maana moja, kwa sababu riwaya yenyewe inaitilia shaka imani kwamba ipo maana moja ya kushikwa.

Kauli moja, basi, imetenganisha aina mbili za ugumu. Kutokana na hapo, msomaji ana haki ya kuuliza swali la tathmini: je, ugumu unalipa? Ugumu unaoisha mara tu jina linapotambuliwa hubaki na hatari ya kuwa kitendawili ambacho, kikiteguliwa, hakina cha kuongeza. Baadhi ya sehemu za Bina-Adamu! zinakabiliwa na hatari hiyo, kwani ukosoaji wake wa nguvu za ulimwengu ni wazi mno baada ya fumbo kufumbuliwa. Nagona haikabiliwi nayo, lakini hulipa gharama nyingine: huwapoteza wasomaji ambao Gamba la Nyoka iliwavuta. Gharama zote mbili ni halisi, na mhakiki asiyezitaja hajaieleza riwaya ya majaribio kikamilifu.

4.2 “Mwandishi ananihubiria”

Msomaji wa leo akirejea Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, hukuta Karama akijitetea mbele ya baraza dhidi ya Majivuno, na hukumu ya kimaadili imo tayari katika majina yao. Akiisoma kwa macho yaliyozoea riwaya ya kihalisia, husema anahubiriwa. Lakini lawama hiyo haina budi kuangaliwa upya. Kusadikika imejengwa kama istiari na haijifichi. Inatoka katika utamaduni ambao wasia ulikuwa utanzu unaoheshimika. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika karne ya 19, ni wasia wa mama kwa binti yake, na hakuna anayeulaumu kwa kuusia. Katika utanzu huo, kuonya ndiyo ahadi yenyewe iliyowekwa mbele ya msomaji.

Lawama hupata nguvu pale riwaya inapoahidi jambo jingine. Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei inaanza na mtu aliyepoteza familia na nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi. Uchungu wa Ridhaa mbele ya magofu yake ni wa mtu mmoja, katika mahali pamoja, na msomaji huuamini. Baadaye mada huongezeka, na mazungumzo ya wahusika hubeba mzigo wa kueleza matatizo ya jamii moja baada ya jingine. Msomaji anayesema “hapa mwandishi ananihubiria” anatambua badiliko la usimulizi: mhusika ameacha kusema kama mtu aliyefiwa na ameanza kusema kama mtoa mada. Badiliko hilo linaweza kuonyeshwa kwa kulinganisha urefu wa sentensi, msamiati na aina ya vitenzi katika sehemu hizo mbili. Kauli ya ladha imeelekeza kwenye hoja ya elimumitindo.

4.3 “Haiwezekani”

Kauli ya tatu huhusu usadikikaji, na mara nyingi hulenga sadfa. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora, Amani na Imani wanakutana, na baadaye inadhihirika kuwa madhila ya wote wawili yana uhusiano na utawala wa mtu mmoja, Mtemi Nasaba Bora. Msomaji akisema kuwa ulimwengu hauwi mdogo kiasi hicho, anasema kweli kwa kipimo cha maisha ya kawaida. Lakini kauli yake, ikifuatiliwa, inafungua swali ambalo orodha ya “mbinu za sadfa” haiulizi: kwa nini njia zote za riwaya hii zinaishia mlangoni pa mtu mmoja? Mahali ambapo ardhi, sheria na riziki vimo mikononi mwa mtawala mmoja, waathirika wake hawahitaji bahati ili wakutane. Baadhi ya kinachoitwa sadfa, basi, ni ramani ya udhalimu. Kinachobaki baada ya maelezo hayo, yaani mikutano isiyotokana na utawala wa Mtemi, ndicho kinachostahili kuitwa udhaifu wa msuko.

Linganisha na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Marehemu anarudi na kumwonyesha mjukuu wake, K, hali ya jamii aliyoshiriki kuidhulumu. Tukio hili haliwezekani kabisa, lakini ni vigumu kumpata msomaji anayelalamika. Jina la riwaya limekwisha kumtayarisha, na imani katika mizimu imo katika utamaduni anaoujua. Kutowezekana, kwa hiyo, si sifa ya tukio lenyewe. Ni uhusiano kati ya tukio na makubaliano yaliyowekwa mapema na msomaji.

4.4 “Sikumpenda mhusika mkuu”

Kauli ya nne ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa kuwa huonekana kuchanganya mtu na mhusika. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji (1974), ni msomi mwenye dharau na uchovu wa kuishi, na mwisho wake ni kujiua. Msomaji anayesema hampendi ameipokea riwaya barabara. Usimulizi wa nafsi ya kwanza umemfungia ndani ya akili ambayo hakuichagua, na karaha anayoihisi ni sehemu ya hoja ya riwaya juu ya elimu inayomtenga mtu na watu wake.

Lakini kauli hiyohiyo inaweza kumfichua msomaji badala ya matini. Rosa Mistika (1971) ilizua ghadhabu ya kimaadili, na kwa muda haikuruhusiwa kusomwa shuleni. Sehemu kubwa ya ghadhabu ilimwelekea Rosa na mwandishi wake. Ukali wa Zakaria, baba aliyemlea binti kwa kipigo na hofu, haukuwashtua wengi kwa kiasi hicho. Katika Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi, msomaji anayemlaumu Yasmin kwa kumwacha Raza, bila kuuliza kwa nini msichana aliozwa kwa mtu aliyemzidi umri kwa mbali, ametoa ushahidi juu ya upeo wake mwenyewe. Ushahidi huo una thamani kwa mtafiti: unaonyesha jinsi matini inavyogongana na maadili ya wasomaji wake, na ni wapi riwaya ilihitaji kupigana na hadhira yake ili isikike.

5. Kutoka Kauli hadi Hoja

Mifano hii inaonyesha kuwa kauli ya wazi haina budi kupitia maswali matatu kabla ya kuitwa hoja. La kwanza: ilizuka wapi? Msomaji aliyechoka hana budi kuonyesha ukurasa ambapo uchovu ulianza. La pili: ilitegemea matarajio gani, na nani aliyeyajenga, utanzu, mwandishi au shule? La tatu: je, kauli ingebaki vilevile kama mhusika angekuwa wa jinsia, dini au kabila jingine? Kauli inayoshinda maswali haya ni hoja juu ya matini. Inayoanguka katika swali la tatu ni data juu ya jamii ya wasomaji. Zote mbili ni mali ya taaluma, lakini si vyema zikachanganywa.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kwa kazi hii. Wasemaji husema hadithi imekolea, imepwaya, imelegea au imechusha. Maneno haya yana usahihi kuliko yanavyodhaniwa. Kukolea ni hali ya kiungo kilichoenea kote katika chakula. Hadithi iliyokolea ni ile ambayo dhamira yake haionekani kama tonge la pembeni. Nguo hupwaya inapokuwa kubwa kuliko mwili. Riwaya iliyopwaya ina fani kubwa kuliko jambo inalolibeba. Kamba hulegea pale mvutano unapokosekana kati ya ncha mbili. Ndivyo ilivyo kwa taharuki. Kuchusha hutokana na kuzidi kwa kitu ambacho pengine kilikuwa kizuri. Kila neno limebeba nadharia ndogo ya uwiano. Mwanafunzi aliyefundishwa kuyatumia kwa uangalifu atatathmini kwa lugha yake mwenyewe, badala ya kuazima sifa za jumla zisizogusa kitabu chochote.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kuwa kuipa nafasi kauli ya msomaji ni kuigeuza fasihi kuwa soko, ambapo kitabu chepesi hushinda. Hatari hiyo ipo endapo kauli itahesabiwa kama kura. Hapa haihesabiwi, inaulizwa sababu. Wasomaji mia moja waliosema Nagona ni ngumu hawajaishusha thamani, ila wametuachia wajibu wa kueleza ugumu huo ni wa aina gani na unazaa nini. Aidha, ukweli si lazima uvunje adabu. Msomaji anaweza kuonyesha palipolegea bila kumdhalilisha aliyefunga kamba.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kauli nne ambazo kwa kawaida huachwa nje ya uhakiki zinaweza kuongoza kwenye maswali mahususi ya mwingilianomatini, usimulizi, msuko na maadili ya usomaji. Yameonyesha pia kuwa kauli moja inaweza kuwa na maana tofauti katika riwaya mbili, na kwamba tofauti hiyo haionekani mpaka kauli itamkwe na kufuatiliwa. Kwa upande wa ufundishaji, inapendekezwa kuwa mwanafunzi wa riwaya aandike maoni yake ya kwanza kabla hajasoma mwongozo au nadharia, kisha ayarejee baada ya uchambuzi na aeleze kipi kimebadilika na kwa nini. Zoezi hilo halihitaji fedha wala vifaa.

Kwa upande wa uandishi, faida yake ni kubwa zaidi. Fanani wa zamani aliyeona hadhira ikisinzia alipata nafasi ya kuirekebisha hadithi usiku uleule. Mwandishi wa riwaya hana nafasi hiyo, lakini ana kitabu kinachofuata. Uhakiki unaomsifu tu humfikisha kwenye kitabu hicho akiwa hajui ni katika ukurasa gani msomaji wake alilala.